Uzi Gani Hukatika Kwanza

Assalamu alaykum. Mama zangu mliotoka Paje na Jambiani, walimu, na nyinyi vijana mliojibanza karibu na mlango, karibuni.

Hapa mezani pana mabakuli mawili ya jeli ya mwani. Hili ni la mwani wa aina ya kotonii, limetiwa chumvi ya potasiamu. Hili la spinosamu limetiwa ya kalisiamu, na nimelipika jepesi makusudi. Tazameni: nabonyeza la kotonii kwa kijiko… limepasuka, na ufa umekwenda mpaka ukingoni. La spinosamu linanesa tu. Basi nalikoroga mpaka limekuwa uji, naliweka kando. Msiliguse.

Vitu hivi huitwa haidrojeli: nyuzi ndefu za molekuli zilizofungana, maji yakakaa katikati. Ule unga wa ndani ya pampasi ukilowa ni haidrojeli pia.

Mvuvi ataniambia ni wavu, na ndivyo. Wavu ukivutwa haziumii nyuzi zote sawasawa. Kani inaanza na uzi mfupi uliokwisha kukaza. Nyuzi ndefu bado zimelegea. Mfupi ukikatika, mzigo unahamia wa jirani, kisha wa jirani yake. Ndio ule ufa.

Mwaka 1967 watafiti Lake na Thomas waliandika juu ya mpira jambo nililolisoma mara tatu kabla halijaniingia. Uzi wenye vifungo elfu moja, yaani pale atomu moja inaposhikana na nyingine, hukatikia kwenye kifungo kimoja. Lakini kani ni ile ile kwenye uzi mzima, kwa hiyo mpaka hicho kimoja kikatike, vyote elfu vimeshavutwa karibu na kikomo chao. Kikiachia, nishati iliyokuwa imehifadhiwa kwenye uzi wote inapotea. Kumbe uzi mrefu hula nishati nyingi kuliko mfupi! Ukizidisha mafundo, nyuzi zinakuwa fupi: jeli inakuwa ngumu, lakini hupasuka upesi. Ukipunguza, inavutika ila imelegea. Ilionekana huna budi kuchagua moja.

Mwaka 2003 Jian Ping Gong na wenzake, Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walitia nyavu mbili ndani ya jeli moja. Wa kwanza umekaza, wa pili una nyuzi ndefu zilizolegea. Ukivuta, wa kwanza unakatika huku na huku na kumaliza nishati, wa pili unashikilia umbo. Jeli yenye maji kama asilimia 90 ikawa haichaniki ovyo. Ila vifungo vya nyuzi zile ni vya kovalenti, yaani vya atomu zinazoshirikiana elektroni, na vikishakatika havirudi.

Fundo la ayoni, yaani la chembe zenye chaji ya umeme kama zile za kalisiamu, lina tabia nyingine: huachia likivutwa, likitulia hujifunga tena. Watafiti wa Harvard walilitumia mwaka 2012, kwa kalisiamu na alginati, ambayo hutoka kwenye mwani wa kahawia, si huu wetu. Jeli yao ilivutika mara 20 ya urefu wake.

Lililonishangaza zaidi ni la 2019, Hokkaido tena. Uzi wa kovalenti ukikatika, kila ncha inabaki na elektroni isiyo na mwenzake, yenye njaa. Wakaipa jeli maji yenye molekuli ndogo za kujengea nyuzi. Zile ncha zikazidaka, nyuzi mpya zikaota. Kila ikivutwa, jeli inakomaa, kama mkono wa mchukuzi wa bandarini.

Naam, bibi? Lile bakuli la uji? Haya, naliinamisha. Sogeeni muone: halimwagiki.