Nikija Nikajilipua, Wazungu Watanipokea?

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Leo sijaweka hata muziki, maana swali hili limenifuata mpaka chini ya video ya kupika ugali: "Kaka, nikija nikajilipua, wazungu watanipokea?" Kujilipua, kwa msiojua lugha ya mtaani, ni kufika huku Uingereza ukaomba hifadhi ya ukimbizi.

Kabla hujaandika kwamba naringa au nawafungia wenzangu mlango, nisikilize. Mimi sikujilipua. Nilikuja kwa viza ya mke, na tozo ya afya peke yake ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, unazilipa zote kwa mkupuo hujaugua hata mafua. Deni hilo nimelibebea maboksi usiku. Silalamiki, ila kuna binamu yangu anadhani huku hela zinaokotwa.

Haya. Niko Sheffield, mji uliojitangaza 2007 kuwa mji wa hifadhi, yaani wa kukaribisha wakimbizi, wa kwanza Uingereza. Na kweli, Jumamosi nikienda kukalimani kanisani namkuta bibi wa kizungu anafundisha Wakongo na Waeritrea Kiingereza bure. Lakini Agosti 2024, hapo jirani Rotherham, watu walizingira hoteli ya waomba hifadhi, wakavunja madirisha, wakajaribu kuichoma na wenzetu wamo ndani. Siku 3 baadaye maelfu wakajaa barabarani Walthamstow, London, kuwatetea. Sasa unaniuliza wazungu wepi?

Neno utakalolisikia kwenye basi ni "wanakula kodi yetu, hawafanyi kazi." Jamani, sheria ndiyo inawakataza! Ombi lako likae mwaka mzima bila jibu ndipo uombe kibali, na ukikipata ni kwa kazi za kwenye orodha tu. Posho ni pauni 49.18 kwa wiki ukijipikia. Wa hotelini, anayeletewa chakula, hafikishi hata pauni 10. Namjua fundi magari wa Uvira, Kongo, mikono ya dhahabu, anashinda akihesabu vigae vya dari. Waukraine 2022 walipewa ruhusa ya kazi papo hapo, na aliyewapa chumba akapata pauni 350 kwa mwezi. Jirani yangu aliwapokea wawili, kwa roho safi kabisa. Mama huyohuyo alinikuta mlangoni kwangu, ufunguo mkononi, akaniuliza nakaa hoteli gani!

Niliumia. Halafu nikakumbuka mimi ni wa Kasulu, Kigoma. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tumeishi nayo tangu 1996. Unga na mafuta ya mgao wao tulivinunua kwa bei ya kutupa, na ukimuudhi mtu uwanjani unaitwa "mkimbizi wewe". Na mimi nimelitamka, sana tu. Kwa hiyo mnaoandika "wazungu wabaguzi", taratibu kidogo.

Uje, usije? Sikushauri, kila mtu na safari yake. Kama kweli umekimbia kifo, tafuta mwanasheria kabla hujasimulia habari zako kwa watu wa mtandaoni, nikiwemo mimi. Na wewe unayetaka kujifanya Mrundi: usinitumie tena meseji nikufundishe Kirundi, eti kwa kuwa mimi Muha na Kiha kinafanana nacho.