Simu Haijalia: Nyumba Moja, Wana Wawili

MPWA: Shikamoo Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu. Za huko Texas?

MPWA: Nzuri. Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi, huku ndiyo kwanza kunakucha. Wasikilizaji, karibuni. Shangazi yuko Tanga, mimi niko nje kidogo ya mji wa Dallas, na leo tunaongea habari ya kungoja. Familia inangoja simu ya kumwambia mtoto wao kwamba amepata timu. Tunaongelea drafti ya mpira wa Kimarekani.

SHANGAZI: Hebu waeleze kwanza. Mtu wa huku akisikia drafti anaona ubao na vizibo vya soda.

MPWA: Kweli. Hii ni ya ligi yao kubwa, NFL, yenye timu 32. Kwetu mchezaji anakaa na viongozi wa klabu, wakielewana anasaini. Hapa kijana akitoka chuo hachagui. Timu ndizo zinazochagua, moja baada ya nyingine, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayoanza, labda iwe imeuza nafasi yake. Utaratibu huo ulianza 1936. Siku hizi ni raundi saba kwa siku tatu, mwezi wa nne. Alhamisi raundi ya kwanza, Ijumaa ya pili na ya tatu, Jumamosi zilizobaki. Mwaka 2025 waliitwa vijana 257. Wengine wote waliojiandaa maisha yao yote hawakuitwa.

SHANGAZI: Sisi huku tunaikumbuka ile ya mpira wa kikapu, 2009, ya Hasheem Thabeet. Watu walikesha. Saa nane na kitu usiku, mtoto wa Dar es Salaam anaitwa wa pili, Memphis wamemchukua. Lakini pale hatukungoja sana, mwanangu. Wa pili! Hata usingizi haujakolea.

MPWA: Ndiyo maana nataka tuongee habari ya waliongoja sana. Nianze na nyumba ya Deion Sanders.

SHANGAZI: Baba mtu.

MPWA: Baba mtu. Alicheza beki wa pembeni, katika wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huu. Yeye 1989 aliitwa wa tano, Atlanta wakamchukua. Baadaye akawa kocha, na pale Chuo Kikuu cha Colorado akawafundisha wanawe wawili. Shilo beki wa nyuma. Shedeur kwotabeki, yule anayepewa mpira kila mchezo unapoanza na kuurusha. Msimu wa 2024 Shedeur alirusha zaidi ya yadi 4,100, pasi 37 zikazaa alama. Chuo kikaistaafisha jezi yake namba 2 hata kabla hajaondoka. Wachambuzi wengi walimweka raundi ya kwanza.

SHANGAZI: Sasa hapo ndipo ninapoanza kuogopa. Mtoto akishasifiwa mbele za watu, watu wanakuja nyumbani. Na ukishajaza nyumba watu, huwezi kuwaambia tokeni.

MPWA: Walikuwa nyumbani, huku huku Texas. Chumba kimepambwa, kamera zimewekwa. Alhamisi tarehe 24 Aprili, 2025. Wa kwanza kabisa anaitwa kwotabeki mwenzake, Cam Ward. Hilo lilitarajiwa. Wa ishirini na tano anaitwa kwotabeki mwingine, na timu iliyomchukua ilinunua nafasi ya mwenzake ili imwahi. Raundi ikaisha. Simu haikulia.

SHANGAZI: Wote wanamtazama yeye.

MPWA: Na yeye akasimama akawaambia kwamba kwa Mungu yote yanawezekana, na hili halikutokea bila sababu.

SHANGAZI: Unaona? Mtoto ndiye anayewabembeleza wakubwa. Mimi hapo ningetoka nje nikalie huko. Kwenye kungoja kwa namna hii, yule anayengojewa habari zake anabeba huzuni yake na huzuni ya nyumba nzima. Anaangalia uso wa baba, anaangalia uso wa bibi, anatafuta la kusema. Ana miaka ishirini na mitatu tu.

MPWA: Kesho yake ndiyo mbaya zaidi. Ijumaa, raundi ya pili, simu ikalia.

SHANGAZI: Hii niachie mimi, kwa sababu uliponisimulia juzi sikulala. Simu yenyewe ilikuwa na namba waliyopewa timu tu. Ikilia maana yake ni moja. Ikalia. Nyumba ikanyamaza. Mtu akajitambulisha kuwa bosi wa timu ya New Orleans, akasema tunakuchukua, halafu akasema lakini itabidi ungoje kidogo zaidi. Akakata. Kumbe si bosi. Ni kijana tu, mtoto wa kocha wa ulinzi wa Atlanta. Alikuwa nyumbani kwa wazazi, akaiona ile namba kwenye tableti ya baba yake iliyoachwa wazi, akainakili, akampigia mwenzake kumchezea.

MPWA: Ligi ilichunguza. Atlanta wakatozwa faini ya dola 250,000 na kocha mwenyewe dola 100,000. Kijana akaomba radhi hadharani.

SHANGAZI: Radhi nimeisikia, na nimeipokea kama mzazi. Lakini niseme lililonichoma. Kuna watu wanakaa mlangoni mwa hospitali, kuna watu wanangoja matokeo ya kidato cha nne, na wote tunajua kwamba mtu akiwa katika hali hiyo huwezi kumwendea na habari ya uongo. Hata adui yako. Mtu anayengoja amefungua moyo wote. Hana pa kujikinga. Wewe unaingia na viatu.

MPWA: Na ile simu ilirekodiwa, ikaonwa na watu wote.

SHANGAZI: Wakaicheka. Haya, endelea, mwanangu.

MPWA: Ijumaa ikaisha bila yeye. Jumla ya makwotabeki watano walishaitwa, wa tano wao akachukuliwa na Cleveland, wa 94. Nani angewaza kwamba Cleveland hao hao watarudi? Jumamosi, raundi ya tano, Cleveland wakatoa nafasi zao mbili za nyuma ili wasogee mbele, wakamwita Shedeur Sanders. Wa 144.

SHANGAZI: Baba wa tano, mwana wa mia na arobaini na nne.

MPWA: Na namba hizo si heshima tu, ni fedha. Mkataba wa miaka minne wa Cam Ward, aliyeitwa wa kwanza, ni zaidi ya dola milioni 48. Wa Shedeur ni kama milioni 4.6. Ni fedha nyingi bado, lakini siku mbili za kungoja zilikuwa zinayeyusha kitu kila dakika.

SHANGAZI: Sababu ilikuwa nini?

MPWA: Zilisemwa nyingi. Wengine walisema mkono wake si wa nguvu sana, wengine wakasema hakuzungumza nao vizuri kwenye mahojiano. Mimi sitaki kuingia huko, kwa sababu ukishaanza kutafuta kosa la mtoto aliyechelewa kuitwa, hutakosa. Nikuulize, unamjua Tom Brady, yule kwotabeki?

SHANGAZI: Huyo hata Tanga tumemsikia.

MPWA: Mwaka 2000. Kijana wa San Mateo, jirani na San Francisco. Familia nzima ni watu wa San Francisco damu damu. Alipokuwa na miaka minne, Januari 1982, wazazi walimchukua uwanjani kuitazama San Francisco ikiifunga Dallas kuingia fainali. Kwa hiyo yeye anangoja simu, na moyoni ana timu moja. Wakati huo drafti ilikuwa ya siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Raundi ya tatu San Francisco wakaita kwotabeki.

SHANGAZI: Siye.

MPWA: Siye. Wakamchukua kijana mwingine, ambaye hakuja kucheza hata mechi moja ya msimu. Brady akaendelea kungoja. Wakaitwa makwotabeki sita mbele yake. Raundi ya nne, ya tano. Raundi ya sita akashindwa kukaa ndani, akatoka kutembea, baba na mama wakatoka naye. Miaka mingi baadaye, ameshakuwa bingwa, alipokuwa akiyasimulia hayo matembezi machozi yalimshika. Hakulilia kupitwa. Alilia alipowataja wazazi wake, jinsi siku ile ilivyowaumiza na jinsi walivyokuwa naye.

SHANGAZI: Ngoja kwanza. Rudia hapo.

MPWA: Alipowataja baba na mama ndipo aliposhindwa kuongea.

SHANGAZI: Enhee. Kwa sababu yeye alishalipwa. New England walimwita wa 199, akaenda kutwaa ubingwa mara saba. Deni lake limelipwa lote. Lakini ile barabara aliyotembea na wazazi wake haijafutika. Watu wakisimulia habari ya Brady wanakimbilia hayo makombe, kama vile ile Jumapili ilikuwa bei tu ya kulipia. Mimi namtaka yule mama aliyevaa viatu akatoka nje na mwanawe bila kujua la kumwambia.

MPWA: Sasa Shangazi, turudi Texas. Kuna jambo ambalo watu hawakulisema sana. Jumamosi ile, simu ya Shedeur imelia, kelele, watu wanarukaruka. Mle ndani kuna kaka yake.

SHANGAZI: Shilo.

MPWA: Shilo naye alikuwa anangoja. Raundi ya sita ikapita. Ya saba ikapita. Hakuitwa.

SHANGAZI: Tumbo moja.

MPWA: Baba mmoja, kocha mmoja, jezi za chuo kimoja.

SHANGAZI: Hapo baba anafanya nini? Akifurahi sana, huyu ataumia. Akihuzunika, yule atadhani furaha yake haikutosha. Nimeifikiria wiki nzima hii. Sikupata jibu, mwanangu, na nina watoto watano.

MPWA: Utaratibu wao ni kwamba drafti ikiisha tu, simu zinaanza tena, za haraka haraka. Ambaye hakuitwa yuko huru, timu yoyote inaweza kumtaka na yeye anaweza kuchagua. Mawakala wengine husema kuliko kuitwa mwishoni kabisa mwa raundi ya saba, afadhali kuachwa, utafute mahali penye nafasi. Kurt Warner, kwotabeki mwingine, aliachwa 1994, akafanya kazi ya kupanga bidhaa madukani usiku, halafu akaja kutwaa ubingwa, na leo yumo kwenye jumba lao la magwiji.

SHANGAZI: Na Shilo?

MPWA: Tampa Bay wakamchukua. Akaenda kambini, akacheza mechi za maandalizi. Mwezi wa nane, kwenye mechi ya mwisho ya maandalizi, alimpiga mpinzani ngumi akatolewa nje, na siku iliyofuata timu ikamwacha.

SHANGAZI: Ee Mola.

MPWA: Shangazi, sijui kama nikuulize.

SHANGAZI: Uliza. Nilijua utauliza tangu uliponitajia mada.

MPWA: Binamu yangu. Mwanao wa mwisho.

SHANGAZI: Kitinda mimba wangu. Wasikilizaji, huyu naye ni mchezaji, winga wa kushoto. Alikwenda kwenye majaribio ya klabu moja, sitaitaja. Wiki mbili. Wakamwambia rudi nyumbani, Ijumaa tutapiga, tayarisha begi. Ijumaa umeme ukakatika tangu asubuhi, na simu yake ile betri ilishachoka. Nikaipeleka dukani kwa jirani mwenye sola. Nikaogopa kumwachia, asije akawa na wateja simu ikalia asisikie. Nikavuta kreti la soda nikakaa. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua linazama, mwanangu, nimekaa na ile simu inachajiwa. Kila mtu anayepita, shikamoo mama, unangoja nini? Nasema nachaji simu.

MPWA: Hukuwaambia.

SHANGAZI: Ningewaambia wangekaa nami. Ilipigwa mara mbili. Ya kwanza ni kampuni ya simu na matangazo yao. Ya pili ni wewe.

MPWA: Ni mimi?

SHANGAZI: Ulikuwa unauliza kama ameshaitwa.

MPWA: Nisamehe, Shangazi. Sikujua kuwa simu unayo wewe.

SHANGAZI: Huna kosa. Nilisikia sauti yako nikafurahi, halafu nikaona aibu kwamba kwa nusu dakika nilikuchukia.

MPWA: Na yeye alikuwa wapi?

SHANGAZI: Alikuwa nyumbani anafua viatu vyake vya mpira. Amevisugua kwa mswaki, amevianika ukutani. Nilipoingia alitazama mkono wangu, wala hakuutazama uso. Nikampa simu, nikamwambia imejaa. Akasema asante mama. Kuku nilikuwa nimeshamnunua toka jana, na shangazi yako wa Muheza alikuwa ameshashuka kwenye basi na watoto.

MPWA: Mkafanyaje?

SHANGAZI: Nikamchinjisha yule kuku. Yeye mwenyewe ndiye aliyemchinja, kwa sababu baba yake hakuwepo. Nikapika pilau, tukatandika mkeka uani, tukala wote gizani na taa ya kandili. Hakuna aliyetaja mpira. Halafu kwenye saa tatu hivi yule mdogo wa Muheza akamwuliza, kaka, vile viatu vimekauka? Akasema bado kidogo. Akainuka akaenda kuvigeuza.