Msikilizeni mpigaji wa pili: Dennis McGee na fidla za Louisiana

Ahsanteni. Kaeni, jamani, viti vipo huku mbele. Wengine mmeshanisikia kwenye jambo hili mpaka mmechoka, lakini mtanivumilia, maana kila nikizungumza juu ya muziki wa Wakajuni, wale watu wa Louisiana, Marekani, wenye asili ya Kifaransa, mtu hunyoosha mkono kuuliza habari za kitambaa. Kitambaa tutakifikia. Kwanza fidla.

Dennis McGee alizaliwa mwaka 1893 kwenye nyanda za kusini mwa Louisiana, upande wa Eunice. Jina la Kiayalandi, Kifaransa mdomoni. Anayetaka kunionyesha Mkajuni asiyechanganyika na mtu, aanze kwa kunieleza huyu. Alilima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, akawa kinyozi, na usiku akapiga fidla kwenye dansi za majumbani.

Machi 1929 alikwenda New Orleans na shemeji yake, Sady Courville, wakarekodi. Fidla mbili, basi. Hakuna kodiani, hakuna gitaa, hakuna ngoma. Na hapa ndipo ninapogombana na watu, kwa sababu kila mtu humsikiliza McGee. Ni haki yake: anakwenda mbio, anapamba, anakata sauti ghafla na kurudi. Lakini msikilizeni Courville! Upinde wake umelala kwenye nyuzi mbili kwa pamoja, zile nene, anasukuma na kuvuta, anasukuma na kuvuta. Mara anaufuata wimbo kwa sauti ya chini, mara anauacha na kubaki na mapigo. Mwenzake akirukaruka, yeye hayumbi.

Najua mtakachosema. "Si besi tu hiyo?" Besi tu! Ile ilikuwa nyumba isiyo na kipaza sauti, sakafu ya mbao, watu wazima wanazunguka na viatu vyao. Mwondoe mpigaji wa pili uone kama kuna atakayejua aweke mguu wapi. Wanafunzi wangu wote wanataka kupiga ya kwanza. Nikimpa mtu ya pili ananuna kama nimemfukuza.

Sasa angalieni kilichompata McGee mwenyewe. Desemba mwaka ule ule wa 1929 alirudi New Orleans, safari hii kando ya Amédé Ardoin, Mkrioli, yaani mtu mweusi wa Louisiana msema Kifaransa, mwimbaji na mpigaji kodiani. Walifahamiana shambani, walilima kwa tajiri mmoja. Kodiani ile ina vifungo 10 vya mkono wa kulia, sauti yake inajaza nyumba, lakini baadhi ya noti haina kabisa. Mazurka, polka na kontradansi, zile dansi za kizamani ambazo McGee alizijua tangu ujana nyingi hazikuingia humo. Kwa hiyo aliyeongoza mwezi Machi, Desemba anaitikia. Na anaitikia vipi! Ardoin anapanda juu na sauti ile inayokaribia kulia, chini yake upinde wa McGee unasukuma na kuvuta. Kazi ya Courville kabisa.

"Kumbe weusi na weupe walipatana." La hasha. Hiyo ni Louisiana ya ubaguzi ulioandikwa kwenye sheria. Ardoin aliitwa kwenye nyumba za wazungu apige, si awe mgeni. Haya, kitambaa: inasimuliwa kwamba kwenye dansi moja alipokea kitambaa cha mwanamke wa kizungu akajifuta jasho, na alipotoka wanaume wa kizungu wakampiga wakamwacha hoi. Wengine wamesema alitiliwa sumu. Lenye uhakika ni kwamba alifia hospitali ya wagonjwa wa akili, Pineville, mwaka 1942. Ninaloomba ni kwamba mtu akishamlilia, asikilize na santuri zake, hata zile za San Antonio za 1934, ambako fidla ni ya McGee vilevile.

Na yule anayejiuliza Louisiana inatuhusu nini: santuri ya kwanza ya Kikajuni, ya Joe Falcon na Cléoma Breaux, ilirekodiwa mwaka 1928. Mwaka huo huo Siti binti Saad alikuwa Bombay akirekodi kwa Kiswahili. Mapenzi ya utamaduni hayakuwamo. Kampuni zilikuwa na gramafoni za kuuza, na mnunuzi hununua gramafoni ikiwa itamwimbia kwa lugha yake.

Nilitaka kuzungumzia katiba ya Louisiana ya 1921 na Kifaransa kilivyofukuzwa shuleni, lakini huo ni mhadhara mzima. Kwa kifupi tu: miaka ya 1970 McGee na Courville, wazee sasa, walirekodi tena, na vijana kama Michael Doucet wakaenda kujifunza kwa McGee. Alifariki mwaka 1989, ana miaka 96.

Maswali baadaye. Naiweka ile santuri ya Machi 1929, na tafadhali, mtu asipige makofi kufuata wimbo. Mtamfunika Courville.