Mbwa wa Chupa 12: Mhadhara juu ya Marie von Ebner-Eschenbach

Ndugu zangu, nianze na mbwa, maana ndiye aliyenifikisha kwa mwandishi huyu wa Austria.

Katika hadithi yake Krambambuli, Hopp, mlinzi wa msitu, ananunua mbwa kwa mzururaji mmoja mlevi. Bei yake ni chupa 12 za pombe ya cheri iitwayo Krambambuli, na mbwa naye anabaki na jina hilo. Baadaye Hopp anakutana na jangili msituni. Kumbe ni yule yule mzururaji! Wote wawili wanamwita mbwa. Anatambaa kwa tumbo, anatetemeka, anamtazama huyu, anamtazama yule. Mwisho anamwendea bwana wake wa kwanza, na anapomrukia kwa furaha, risasi ya jangili inakwenda kando. Ya Hopp haikukosa.

Watu wawili, mnyama mmoja, hakuna pa kukimbilia: hilo ni onyesho la jukwaani. Na jukwaa ndilo Marie alilolitamani tangu ujana.

Alizaliwa mwaka 1830 katika kasri la Zdislavice, Moravia, ambako leo ni Ucheki, akaolewa na binamu yake Moritz mwaka 1848. Tamthilia yake juu ya Mary Stuart, malkia wa Uskoti, ilichezwa Karlsruhe, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Lakini mwaka 1873, alipowachambua makabaila wenzake katika tamthilia Das Waldfräulein, wahakiki wa Vienna walimshambulia vikali. Akageukia nathari: riwaya ya Božena mwaka 1876, kisha mwaka 1880 hadithi ya Lotti, mwanamke fundi saa. Marie mwenyewe alijifunza ufundi huo. Krambambuli ilitoka mwaka 1883, na mwaka 1900 Chuo Kikuu cha Vienna kikamtunuku udaktari wa heshima, mwanamke wa kwanza kuupata hapo.

Ila kitabu ninachowaomba mkitafute ni Das Gemeindekind, cha mwaka 1887. Baba wa mtoto aitwaye Pavel ananyongwa kwa kumuua padri. Mama, asiye na hatia, anafungwa miaka kumi. Dada mdogo anachukuliwa na bibi wa kasri, Pavel anaachiwa kijiji kimlee, nacho kinamlea kwa masimango. Likitokea baya lolote, vidole vyote kwake. Hata hivyo anakua, anajijengea nyumba. Mama anatoka gerezani, anapita kumwona tu, yuko tayari kuondoka asije akamwaibisha mwanawe. Pavel anamwambia abaki.