Piano Inapojua Kunyamaza: Vichekesho Bubu Maktabani

Wakutubi, wapiga piano, na wapenzi wote wa sinema, karibuni. Tutazungumzia jinsi ya kuonyesha vichekesho bubu, yaani filamu zisizo na sauti, maktabani, mpiga piano akizisindikiza papo hapo.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili wa ukoo wa Lumière walipowaonyesha watu wa Paris sinema kwa kiingilio, mmoja wa mikanda yao mifupi ulikuwa kichekesho. Kijana anakanyaga mpira wa maji. Mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira kuona maji yamekwenda wapi. Kijana anainua mguu. Vichekesho, basi, vina umri sawa na sinema yenyewe, na siri yake ni ileile: sisi tunajua maji yanakuja, mtunza bustani hajui. Kazi ya mpiga piano imo katika zile sekunde chache za kusubiri. Akizijaza noti, ameziua.

Lakini kabla ya piano kuna nakala ya filamu, na hapo ndipo maonyesho mengi yanapoharibikia. Kamera za enzi hizo nyingi zilizungushwa kwa mkono, kati ya fremu (picha mojamoja za mkanda) 16 na 24 kwa sekunde. Ni sauti iliyokuja kuufunga mwendo kwenye 24. Mkanda wa milimita 35 wenye futi 1,000 una fremu 16,000. Ukienda kwa fremu 16 kwa sekunde, unaisha baada ya dakika 16 na sekunde 40. Ukienda kwa 24, ni dakika 11 na sekunde chache. Kwa hiyo filamu ya mwendo wa 18 ikinakiliwa kwa 24, kila kitu kinakwenda kasi zaidi kwa theluthi moja. Mtaijuaje? Msimtazame mchekeshaji, watazameni wapita njia nyuma yake. Wakitembea kama wanaokimbia mvua, punguzeni mwendo kwenye programu ya kuchezea video hadi asilimia 75, kisha mtazame tena. Msizidishe, lakini. Wachekeshaji walizungusha kamera polepole kwa makusudi ili mbio zao ziwe za kasi, na ukizirudisha kwenye mwendo wa kawaida unabaki na watu wanaoanguka bila sababu.

Sauti ya faili izimwe mara mbili: kwenye kompyuta na kwenye kipaza sauti. Ukizima sehemu moja tu, muziki uliorekodiwa unaweza kurudi filamu ya pili inapoanza, na piano mbili zinazogombana hazichekeshi mtu. Zima pia milio ya ujumbe. Kuhusu haki: filamu zilizotolewa Marekani kabla ya 1929 hazina tena hakimiliki huko, ila muziki mpya uliowekwa juu yake unaweza kuwa na mwenyewe. Na sheria za nchi yenu ziangalieni, maana si lazima zifanane.

Sasa ukumbi. Piano ya wima inatosha kabisa kwa chumba cha kusomea cha watu 80, bila maikrofoni, kifuniko cha juu kikiwa wazi. Isogezwe mahali pake kwanza, ndipo fundi aje kukaza nyuzi. Wengi hufanya kinyume, kisha wanashangaa sauti imeteguka. Ikae pembeni, mita tatu hivi kutoka kwenye skrini, imekaa mshazari ili mpigaji aone picha kwa kuinua macho tu. Akikaa chini ya skrini kabisa, ataona mapua na madari. Ikibidi, mwekeeni skrini ndogo juu ya piano, iunganishwe kwa waya. Ile isiyo na waya huchelewesha picha, na robo ya sekunde ni nyingi mno kwa teke. Taa yake iwe ndogo, imeinamia vitufe, isimwagike ukutani. Mafuta kidogo kwenye pedali pia: mlio wake katikati ya ukimya husikika hadi rafu ya mwisho.

Tuingie kwenye upigaji wenyewe. Kuna filamu ya mchekeshaji Buster Keaton ya 1928, *Steamboat Bill, Jr.*, ambamo ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia akiwa amesimama, naye anapona kwa kuwa dirisha lililo wazi linapita sawasawa alipo. Mpigaji mchanga huupokea ukuta ule kwa ngumi ya noti za chini. Kosa. Mkono wa kushoto unguruge na upepo wa kimbunga tangu mwanzo, upungue Keaton anaposimama, na ukuta unapoanza kuinama mikono yote miwili iachie. Acheni uanguke kimya. Ukumbi utashusha pumzi, kisha utacheka. Kicheko kikianza kushuka, si kabla, ndipo piano irudi, na irudi na miguu ya Keaton anayokimbia nayo. Ukirudi mapema, watu hunyamaza wakusikilize, na umewanyang'anya kicheko chao.

Si kila ukimya una faida, nisieleweke vibaya. Kengele, bastola, au mtu anayecheza dansi kwenye picha lazima piano imjibu, la sivyo ataonekana kiziwi. Mbio ndefu nazo zina mtego wake: ukianza na kasi yote, dakika ya tatu mkono umekufa ganzi na hakuna pa kupanda. Anza nusu, badilisha ufunguo wa muziki kila mahali panapobadilika. Na usichekeshe! Uso wa Keaton haucheki. Muziki unaomkonyezea mtazamaji unamsaliti.

Vibao vya maandishi vinavyotokea katikati ya picha vikihitaji kufasiriwa, mtu asome kwa sauti, kama walivyofanya benshi wa Japani waliosimama kando ya skrini. Asome kibao kinapotokea tu, mkono wa kulia ukipumzika, wa kushoto ukishikilia mapigo.

Mwishoni taa za ukumbi zingoje noti ya mwisho izimike yenyewe. Mwenye swichi ya taa aambiwe hilo mapema, maana mikono yake huwasha.

Haya, vuteni mapazia. Ule ukuta uko tayari kwenye projekta, na nyaya za vipaza sauti nimezichomoa.