Kadi ya Benki Imepotea? Ifunge Kwanza, Kuitafuta Baadaye

Assalamu alaykum, karibuni tena. Leo nipo kibarazani hapa Ngamiani, Tanga, kelele za bajaji mtanivumilia.

Wiki tatu zilizopita nilishuka stendi ya Kange, nikapanda bajaji mpaka nyumbani, nikalipa kwa chenji ya mfuko wa shati. Kufika mlangoni napapasa suruali, pochi hamna. Na kadi ya benki imo humo humo.

Nikafanya ujinga ambao sitaki muurudie. Nilirudi Kange, nikawauliza wauza machungwa, nikainamia mitaro, saa nzima ikakatika na kadi bado iko hai.

Hebu tazameni kadi hii, ni ya zamani, imekwisha muda. Naisogeza kwenye kamera. Mnaona vimawimbi hivi karibu na chipu? Kadi yenye alama hii huweza kulipa manunuzi madogo dukani kwa kuigusisha tu kwenye mashine, bila namba ya siri. Na hapa kuna tarakimu 16, tarehe ya mwisho, na tarakimu 3 nyuma. Zipo tovuti ambazo hazidai zaidi ya hapo. Kwa hiyo usijifariji kwamba mwizi hajui namba yako ya siri.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuifunga, tena hapo hapo ulipo. Kama una programu ya benki kwenye simu, ingia sehemu ya kadi utafute kufunga. Soma vizuri: ukiifunga kwa muda, unaweza kuifungua mwenyewe. Ukitoa taarifa kwamba imepotea au imeibwa, kwa kawaida kadi hiyo ndiyo imekufa, utapewa nyingine yenye namba mpya. Kama unadhani umeisahau kwa shangazi Raskazone, funga kwa muda. Kama ni pochi nzima, usisitesite.

Huna programu? Piga huduma kwa wateja. Hapa ndipo nilipochekwa na mke wangu, kwa sababu namba ya huduma kwa wateja imeandikwa nyuma ya kadi, na kadi ndiyo iliyopotea! Simamisha video sasa hivi, toa kadi yako, iandike ile namba kwenye simu, na kwenye daftari la nyumbani pia, maana simu nayo huibwa. Usiitafute kwenye kurasa za Facebook, matapeli wamejaa huko na namba zao.

Mhudumu atakuuliza majina kamili, tarehe ya kuzaliwa, pengine mwamala wako wa mwisho. Namba ya siri hataiuliza. Akiiuliza, kata simu. Muulize jina lake, andika na saa mliyoongea. Pesa ikitoka baada ya saa hiyo, una pa kuanzia.

Kisha polisi. Unahitaji ripoti ya kupotelewa, ile mtaani tunaiita losi ripoti. Unaweza kwenda kituoni, au kuiomba mtandaoni kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi.

Halafu tawini, asubuhi, kabla foleni haijafika mlangoni. Beba ripoti na kitambulisho cha NIDA. Kama kitambulisho nacho kimeondoka na pochi, uwe na namba yake, zile tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, na kitambulisho kingine chochote ulicho nacho. Kwenye fomu, tia sahihi ile ile uliyofungulia akaunti. Mimi yangu imebadilika tangu ujana, nikarudishwa mara mbili, jasho linanitoka. Gharama ya kadi mpya hukatwa kwenye akaunti, uliza ni kiasi gani kabla hujasaini. Omba pia taarifa ya miamala, uipitie mstari kwa mstari.

Wakati unasubiri, hukwami. Kwa NMB piga *150*66#, kwa CRDB *150*03#, uhamishie kiasi kwenye laini yako, ukatoe kwa wakala.

Siku hizo hizo angalia simu za ajabu: "Napiga kutoka benki, nitajie namba iliyoingia kwenye meseji." Usitaje. Meseji ya kitapeli itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoituma.

Pochi yangu? Siku ya nne dereva wa bajaji alibisha hodi, ameiona chini ya zulia la kiti cha nyuma. Nikamshukuru, nikampa ya soda. Kadi imo, lakini kadi mpya ninayo tayari. Basi tumalizie kazi hapa mbele yenu. Mkasi huu. Unapitisha katikati ya chipu, hivi, kisha kwenye mkanda mweusi wa nyuma. Vipande hivi viwili naweka pipa la jikoni, na hivi vitatu pipa la uani.