Wapagazi wa Yanga

ZUHURA: Deo usianze kucheka, sijasema kitu bado.

DEO: Nacheka kucha zako. Wasikilizaji, dada Zu kaja kurekodi ana rangi ya kijani kwenye kucha. Kijani! Zuhura wa Msimbazi, Simba damu. Mimi hata nikifa leo naenda na amani.

ZUHURA: Karibuni jamani, mnatujua. Huyu moyo wake uko Jangwani kwa Yanga, mwili tu ndio unalala Tabata. Leo tumepanga mambo matatu, karatasi hii hapa, tuongee jinsi sanaa ya mtaani inavyoweza kumfanya mtu wa Dar aijue historia ya pale anapoishi. Ila kwanza niseme ya Jumamosi.

DEO: Sema ya kucha.

ZUHURA: Si ndiyo hiyo hiyo. Kuna vijana Kariakoo waliniita, wamepewa ukuta, serikali ya mtaa imeruhusu, wanataka kuchora wapagazi wa Vita ya Kwanza, maana jina la Kariakoo si limetoka huko, Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, watu wamelitamka wee mpaka likawa Kariakoo. Nikaenda nishike brashi nipige na picha mbili tatu nirudi. Nimetoka pale saa moja usiku.

DEO: Hivi watu wanajua kweli hiyo ya jina?

ZUHURA: Wengine. Kuna muuza mabegi kaniambia Kariakoo ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka. Nikamwambia hapana kaka, pale Wajerumani walikuwa na jengo lao, Waingereza walipoiteka Dar mwezi wa 9 mwaka 1916 wakaweka kambi ya wapagazi, soko limekuja baadaye, 1923 huko. Na hili la sasa lenye paa kama miavuli, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, limefunguliwa 1975. Akaniuliza "lile lililoungua?" Ndiyo, lile lile lililoungua 2021. Hapo ndiyo akasogea kusikiliza, moto anaukumbuka, alipoteza mzigo.

DEO: Kucha, Zuhura.

ZUHURA: Basi. Fundi wa mabango ndiye kachora mistari, wapagazi kumi na mbili kwenye foleni, mizigo kichwani, sisi tunajaza rangi. Nguo tukakubaliana kaki. Kaki ikaisha kwenye mpagazi wa tatu! Hela hakuna. Mwenye duka la rangi jirani akasema ana galoni ya mteja aliyeagiza akaikimbia, chukueni bure. Kufungua...

DEO: Usiniambie.

ZUHURA: Kijani. Ile kijani kabisa. Na tulikuwa na njano ya mizigo tayari.

DEO: Kijani na njano! Mungu mkubwa! Wapagazi wa Yanga!

ZUHURA: Ndivyo alivyosema bodaboda wa kwanza kupita. Kasimama katikati ya barabara, "oyaa, hawa mbona wote wananchi?" Ndani ya nusu saa tuna watu kama hamsini. Wa Simba wanauliza nani kalipia huu ukuta, wa Yanga wanapiga selfi na wapagazi. Kuna mama lishe kaacha sufuria jikoni kaja kudai angalau wanne wapakwe nyekundu, eti haki sawa.

DEO: Na wale watatu wa kaki?

ZUHURA: Wakaitwa marefa.

DEO: Hahaha, aisee marefa! Wa kwanza kwenye foleni na hawajui wanakoenda.

ZUHURA: Sasa nisikilize. Akatoka mzee mmoja ndani ya duka la vitenge, watu wote shikamoo mzee, akaletewa kiti. Akasema nyie mnabishana hamjui kitu, Simba enzi zetu ilikuwa inaitwa Sunderland. Vijana wakadhani anatania! Wengine walikuwa hawajui kabisa kwamba jina la Simba limekuja 1971. Akarudi nyuma mpaka 1935 Yanga inaanza, mwaka unaofuata wengine wanajitenga, ndio hao Simba, akaonyesha kwa kidole nani alikuwa anakaa nyumba ipi, akaingia TANU, kwamba imezaliwa 1954 hapo hapo jirani, kutembea tu kwa miguu, na watu wa mpira ndio haohao waliokuwa kwenye siasa. Deo, mtu katulia pale dakika arobaini na mzigo wa mitumba begani, hajautua!

DEO: Mpagazi wa kumi na tatu huyo. Alivaa rangi gani?

ZUHURA: Bluu. Azam labda.

DEO: Haya, mzee akasema nini kuhusu wapagazi?

ZUHURA: Wapagazi wa wapi?

DEO: Wa ukutani, Zu. Wale mliowachora.

ZUHURA: Aa. Hakufika huko. Magharibi ikaingia.

DEO: Unaona sasa. Hapo ndipo tunapoachana.

ZUHURA: Tunaachana nini na wewe umecheka mpaka machozi?

DEO: Nimecheka, na mimi Yanga damu, na nakwambia hiyo kijani ifutwe.

ZUHURA: Ngoja. Wewe wa Yanga unataka ifutwe, na mimi wa Simba ndiye nasema ibaki. Kipindi kimeingiliwa na shetani.

DEO: Sitanii. Kwetu Ugogo vita ile ilipita na watu, ikapita na ng'ombe na mtama, jeshi la Mjerumani linachukua, la Mwingereza linakuja linachukua tena, mvua nayo ikagoma, ikaja njaa wazee wanaiita Mtunya. Babu yake babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo, hakurudi. Hatujui alikufia wapi wala alikuwa anambebea nani. Na hao watu walikufa makumi elfu, wengi si kwa risasi, ni kuhara, homa, njaa, kuchoka. Leo ndiyo anapata ukuta mara ya kwanza, halafu anakuwa shabiki wa timu iliyoanzishwa hata vita haikumbukwi tena.

ZUHURA: Pole kaka. Hilo hujawahi kunisimulia.

DEO: Hukuuliza, unauliza kucha.

ZUHURA: Wewe ndiye wa kucha! Lakini sikia. Posta pale kuna sanamu ya Askari toka 1927. Shaba nzuri, bunduki, singe inaangalia bandarini. Bibi yangu sanamu hiyo aliiita picha ya Bismini mpaka anakufa. Maandishi yake yanawataja wapagazi, kwamba ndio walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nani anayasoma? Watu wanasema "nishushe Askari" basi. Heshima ipo, imewekewa na uzio, na hakuna mtu anabishana nayo. Ukuta wetu una siku moja tu na Kariakoo nzima inauongelea.

DEO: Inaongelea Yanga.

ZUHURA: Inaanzia Yanga.

DEO: Na imeishia hapo hapo, umesema mwenyewe magharibi ikaingia. Halafu hiyo sanamu usiseme hakuna anayebishana na sanamu. Kabla yake Mjerumani aliweka ya Wissmann, gavana wake, Mwingereza kuingia akaing'oa, ikapelekwa mpaka Hamburg, na huko nako wanafunzi wakaja kuiangusha miaka ya 1960 mwishoni. Watu wanabishana na sanamu wakijua ni ya nani. Wa kwenu wanabishana na galoni ya rangi.

ZUHURA: Hiyo ya Hamburg nzuri, ungeiweka kwenye karatasi.

DEO: Karatasi umeishika wewe.

ZUHURA: Mimi nasema hivi, ukuta ni wa mtaa. Ukimpa mtu brashi huwezi kumshika mkono. Tukirudi na kaki tukapaka juu, tunawaambia watu wa pale kwamba walichokifurahia ni makosa, na wiki ijayo hakuna atakayesogea, wataona ni ya wasomi.

DEO: Na mimi nasema mtaa una wafu wake pia. Wao hawakuulizwa wapakwe nini. Hata walipokuwa hai hawakuulizwa.

ZUHURA: Basi tuandike chini. Maneno mawili matatu, hawa walikuwa nani.

DEO: Umetoka kuniambia ya Posta hakuna anayeyasoma.

ZUHURA: ...Aa, hapo umenishika. Ila ya Posta ni ya Mwingereza, haya tunaandika wenyewe.

DEO: Kwa rangi gani?

ZUHURA: Deo.

DEO: Nauliza tu. Maana nyeusi imebaki, na nyekundu ya yule mama lishe.

ZUHURA: Bado nasema ibaki.

DEO: Ifutwe. Na nikienda Jumamosi naenda na kaki yangu.

ZUHURA: Utapigwa na watu wa timu yako mwenyewe.

DEO: Nipigwe.

ZUHURA: Huyo anagonga mlango, wenzetu wa saa kumi wameshafika. Na yale mambo matatu? La kwanza lilikuwa... "shirikisha wakazi tangu kwenye kuchagua rangi".

DEO: Hahahaha! Weka karatasi chini, Zuhura, weka chini!

ZUHURA: Mawili yaliyobaki sijui, tutayasema siku nyingine, au tusiseme. Kaka wa mitambo anatuonyesha saa. Deo, Jumamosi unapitia Gerezani au unashukia Msimbazi?

DEO: Mimi nishuke Msimbazi? Na galoni mkononi?

ZUHURA: Gerezani basi. Saa tatu. Na uje na mafuta ya taa, hizi kucha zimekataa kutoka.